Peugeot 404 nimeikuta Upanga, mzee anauza. Nichukue au niiache?

Kijana wa Segerea

Wakuu, habari za Jumapili.

Kuna Peugeot 404 nimeikuta Upanga, nyuma ya zile ghorofa za zamani, imekaa kwenye kibanda cha mabati. Ni saluni, rangi ya maziwa, gia ziko kwenye usukani, na kibati cha namba bado ni kile cha zamani cha TZ. Anayeuza ni mzee wa rika la baba yangu mkubwa. Anasema gari ilikuwa ya marehemu kaka yake, yeye akaiendesha mpaka miaka ya tisini, kisha pampu ya maji ikafa, spea ikakosekana, akaipaki. Tangu hapo iko juu ya mawe. Sizungumzii msemo, ni mawe kweli, na tairi zake zote zimerundikwa siti ya nyuma.

Anataka milioni nne na nusu. Nimemwomba anipe muda nijipange.

Mimi si fundi. Natembelea Toyota IST, na ujuzi wangu unaishia kwenye kubadilisha stepni. Ila gari za zamani zinanikosesha usingizi tangu nikiwa mdogo. Nyumbani Segerea nafasi ipo ya gari mbili zikibanana, na mama watoto ameshanipa sharti lake: ikija ikaota majani, itaondoka, na mimi nitaisindikiza.

Nilijaribu kuzungusha feni kwa mkono, ikazunguka laini kabisa, kwa hiyo nadhani injini haijakaza. Fundi ninayemwamini anasema hata hivyo niing'oe, niweke ya Toyota, vinginevyo nitazeeka natafuta spea. Ni kweli? Na kwa wale mnaotunza hizi gari majumbani hapa Dar, niangalie nini kabla sijatoa hela? Natanguliza shukrani.

Msema Kweli wa Mbagala

Mkuu, milioni nne na nusu kwa banda la kuku? Ongeza kidogo uchukue Passo, mama watoto aende nayo sokoni. Hizo 404 waachie Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert, zikae karibu na Rolls-Royce.

Fundi Bodi Temeke

Fundi wako kakwambia ukweli. Weka injini ya 3Y au 4Y ya Toyota Hiace, gia boksi yake hapohapo, spea ziko kila kona ya Ilala. Mimi nimeona watu wanahangaika na injini za Kifaransa mpaka nyumba inakosa saruji. Gari ni kutembea bwana, siyo kuabudu. Bodi ndiyo muhimu, na bodi ni kazi yangu, nikiiona nitakwambia.

Mzee wa Hendeli

Kijana wa Segerea, marahaba, ingawa hujaniamkia.

Mimi hapa Kimara ninazo mbili zinazotembea, 404 ya mwaka 1968 na Landrover 109 ya Series III. Ya tatu ni 504, iko vipandevipande ndani ya chumba ambacho mke wangu bado anakiita chumba cha wageni. Spana nilianza kuishika kwenye gereji moja ya Pugu Road, enzi zile Jumapili ikifika saa nane mchana gari binafsi hairuhusiwi barabarani kwa ajili ya kubana mafuta. Kwa hiyo ninachokuandikia nimekishika kwa mikono. Fundi wa Temeke asininunie.

Tuanze na hiyo feni. Feni ya 404 haikufungwa moja kwa moja na pampu ya maji. Ina klachi ya sumaku ya umeme: injini ikipata joto, inashikwa na kuzunguka, ikipoa, inaachiwa. Hivyo ukiizungusha kwa mkono gari ikiwa imelala, unazungusha feni tu. Hata injini iliyoshikana kama jiwe feni yake itazunguka. Usimhesabie mzee wa watu injini nzima kwa kipimo hicho, wala usimpunguzie bei kwa sababu hiyo.

Kipimo chenyewe kiko mbele ya macho yako. Tazama katikati ya bampa ya mbele, kuna kitundu. Hapo ndipo hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, inapoingia. Muulize mzee, hendeli itakuwepo, watu wa zamani hawakuitupa. Chomoa plagi zote nne, mimina oili kidogo ya injini kwenye kila tundu, uiache ilale usiku kucha, hata siku kadhaa kama mzee hana haraka. Kisha weka gia huru, ingiza hendeli, nyanyua taratibu kwa mkono mmoja. Usiikanyage kwa mguu wala usiirukie. Ikisogea hata robo mzunguko, una injini. Isiposogea kabisa, bado una injini, ila una kazi.

Nasema hivyo kwa sababu injini ile ina silivu za kuchomoa, yaani mikebe ya chuma ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinazoguswa na maji moja kwa moja. Hazichongwi kupanuliwa. Hedi ikishatoka, silivu zinatolewa na kuwekwa mpya pamoja na pistoni zake, na bloku inabaki ileile. Angalizo moja: hedi ikiwa imetolewa, mtu yeyote asizungushe injini kabla hajazibana silivu kwa boliti na washa. Zikinyanyuka hata kidogo, mpira wa chini unaharibika na maji yanakwenda kwenye oili. Vijana wengi wa gereji hawalijui hili kwa sababu hawakukulia kwenye injini hizi.

Sasa suala la Toyota. Sikatai, 4Y ni injini ngumu. Lakini 404 injini yake imelazwa kwa pembeni nyuzi 45, na propela yake, ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini nyuma, haiko wazi. Imefungiwa ndani ya bomba la chuma ambalo mbele limeshikana na gia boksi na nyuma limeshikana na difu, yaani gia iliyo katikati ya magurudumu ya nyuma. Ukitoa injini na gia boksi, hilo bomba halina pa kushika. Utabadilisha propela. Ukibadilisha propela, na difu inakufuata. Ukibadilisha difu, springi na mikono ya nyuma inakufuata. Mwisho wa yote utakuwa umenunua Hiace iliyovaa koti la Peugeot, na bado utakwenda TRA kubadilisha namba ya injini kwenye kadi. Hela hiyohiyo inatosha silivu, pistoni, beringi na gasketi, na ikabaki ya soda.

Difu nayo ina tabia yake. Siyo ya gia za kawaida. Ni skrubu ya chuma inayosukuma gia ya shaba, ndiyo maana 404 nzuri hailii nyuma hata kidogo. Sasa fundi akikuwekea mafuta ya difu ya kisasa yale ya GL-5, dawa zilizomo zinakula shaba polepole. Kiwanda kilielekeza mafuta ya asili ya nyonyo. Tafuta hayo, au yale yaliyoandikwa wazi kuwa ni salama kwa shaba. Fungua nati ya kujazia mafuta ya difu kabla hujanunua, chovya kidole. Mafuta meusi si tatizo. Ukiona vumbi la dhahabu linametameta kwenye kidole, hapo punguza bei bila huruma.

Spea zipo. Beringi zina namba imegongwa pembeni, nenda nayo dukani. 6205 ni 6205, iwe ya Peugeot au ya pampu ya kisima. Rejeta ni ya shaba, fundi rejeta yeyote anaitoboa, anaisafisha na kuichomea kwa risasi, kazi ambayo huwezi kuifanya kwa hizi rejeta za plastiki za leo. Gasketi za karatasi zinakatwa Gerezani. Kinachosumbua ni vioo, urembo wa nikeli na mipira ya milango, hivyo hakikisha vipo kwenye gari hata kama vimechakaa. Kioo cha mbele kikiwa na ufa, mimi ningeondoka.

Na kuhusu petroli, maana najua mtu atauliza. Petroli ya risasi, iliyokuwa ikikinga viti vya valvu visilike, iliondoka huku kwetu kufikia mwaka 2006. Hedi ya 404 ni ya aluminiamu na viti vya valvu vimepachikwa vya chuma kigumu, haina shida. Landrover yangu ndiyo yenye hedi ya chuma cha kawaida, valvu za ekzosi zinazama polepole, kwa hiyo nazipima mara kwa mara.

Sasa niseme kinachoua gari hizi hapa mjini: bati na karatasi.

Upanga ni pua na mdomo na bahari. Upepo wa chumvi umekaa kwenye hilo banda miaka yote hiyo. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye kitambaa cha flaneli, ipitishe kwenye matao ya tairi, chini ya milango na kwenye vizingiti. Isiponata, hapo chini ni puti, ule udongo wa kuzibia bodi, siyo bati. Kisha ingia uvunguni na bisibisi bapa. Gonga sakafu, gonga pale springi za nyuma zinaposhika, halafu fungua boneti na utazame sehemu ambazo shokabu za mbele zinashika bodi kwa juu. Sakafu ikioza inatengenezwa. Pale juu pa shokabu pakioza, mshukuru mzee, kunywa chai yake, uende zako.

Karatasi ni vilevile. Umesema gari ilikuwa ya marehemu kaka yake. Kadi ina jina la nani? Kama ni la marehemu, huyo mzee hawezi kukuuzia mpaka mahakama imteue yeye au mtu mwingine kuwa msimamizi wa mirathi. Watoto wa marehemu wapo? Wamekubali? Gari ikiwa juu ya mawe haina ndugu. Iwashe uone, watatokea mpaka Ulaya. Ahueni pekee ni road license. Zamani gari iliyolala iliendelea kuhesabiwa kila mwaka, deni linazidi thamani ya gari. Ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Hata hivyo nenda TRA na namba ya gari na ya chasi waangalie kumbukumbu zao, maana kibati cha TZ kinaonyesha haikuwahi kuingizwa kwenye namba mpya.

Ukiipata, kuitunza hakuna uchawi. Usiifunike kwa turubai la plastiki, joto la hapa litaifanya itoke jasho usiku kucha na kutu itakushukuru. Paa la mabati na pande zilizo wazi zinatosha. Usiioshe uvunguni kwa maji ya kisima, visima vyetu vingi vina chumvi, tumia ya bomba au kinga ya mvua. Zibua vitundu vilivyo chini ya milango kabla ya masika. Na iendeshe. Mimi kila Jumamosi alfajiri naenda mpaka Kibaha na kurudi kabla foleni haijaamka.

Huyo wa Mbagala anayeita banda la kuku, hiyo ndiyo gari iliyochukua Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ya 1966 na 1967 aliendesha Bert Shankland, mtu wa hapahapa Tanzania, na Chris Rothwell. Passo yake akaiulize imechukua nini.

Dada wa Kobe

Shikamoo Mzee wa Hendeli. Umemaliza kila kitu ila nina neno.

Kaka wa Segerea, mimi nina Volkswagen Beetle 1300 Mbezi Beach, niliinunua kwa mwalimu wangu wa sekondari alipostaafu. Wanaume kwenye uzi huu mnaongea injini tu. Hakuna aliyekwambia hela ya kuilisha itatoka wapi. Yangu inajilisha kwa harusi. Maharusi wanaitaka kuanzia kanisani mpaka ukumbini, utepe mweupe kwenye boneti, na mpiga picha analala chini kabisa kwenye lami. Msimu wa Desemba nakataa wateja. 404 rangi ya maziwa, milango minne, bibi harusi na shela lake anaingia bila kukunjwa! Hiyo itanipita hata mimi.

Lakini usiitoe kwa harusi mpaka umebadilisha mipira yote ya petroli, kuanzia tangi mpaka kabureta. Hilo sikutanii. Mpira wa zamani ukiukunja unaonyesha nyufa ndogondogo kama kisigino, na petroli inachuruzika juu ya injini yenye moto. Kwenye Beetle injini iko nyuma, dereva unaambiwa na watu wa pembeni kwamba unaungua. Nunua na mtungi wa kuzimia moto, uuweke chini ya siti ya dereva, usiuweke kwenye buti. Pia bibi harusi akinuka petroli mama mkwe hasahau.

Halafu hiyo safari ya Jumamosi alfajiri, mzee wetu amestaafu. Wewe una watoto. Mchukue mama watoto siku ya kwanza kabisa gari itakapowaka, akae mbele, mpite barabara ya Coco Beach. Watu watawapungia mikono. Sharti la majani halitatajwa tena.

Bima kubwa usiisubiri, mimi niliomba nikaulizwa gari ni ya mwaka gani, wakacheka. Ninakata bima ndogo tu.

Kijana wa Segerea

Shikamoo Mzee wa Hendeli, naomba radhi kwa kuchelewa. Dada asante sana, hilo la harusi nimeshalifikisha panapohusika na limepokelewa vizuri kuliko nilivyotegemea.

Nimerudi Upanga na sumaku na bisibisi. Sakafu ya upande wa dereva haipo, nilipoinua kapeti niliona udongo na mzoga wa mjusi. Upande wa abiria bisibisi imezama sehemu moja karibu na kizingiti. Matao ya nyuma yana puti. Lakini pale juu pa shokabu nimegonga mpaka mzee akaniuliza kama natafuta hazina, pamelia chuma kitupu pande zote mbili. Vioo vyote vizima. Difu: mafuta meusi mazito, hakuna kinachometa.

Hendeli ilikuwa uvunguni mwa kitanda chake, imeviringishwa kwenye gazeti la Uhuru. Alikataa nisiishike kabla hajanionyesha mwenyewe, kwamba kidole gumba kinalala upande mmoja na vingine, hakizunguki mpini, injini ikirudisha nyuma kinavunjika. Tuliweka oili Jumatano. Jana imezunguka. Siyo kirahisi, lakini imezunguka, na silinda ya tatu ikipita unaisikia inavyokaza mkononi kuliko nyingine.

Kwenye kadi ndiyo kuna kazi. Jina ni la marehemu, mirathi haikufunguliwa. Watoto watatu, mmoja yuko Mwanza, wawili wako nje. Mzee ameshuka mpaka milioni tatu na laki mbili na anataka nimpe yote leo kwa sababu ana safari ya matibabu. Nimpe?

Mzee wa Hendeli

Marahaba. Huyo mzee na kidole gumba chake amenifurahisha, nisalimie sana.

Yote usimpe. Kama ana shida ya matibabu na moyo wako unakutuma, mpe sehemu, muandikishiane mbele ya wakili au mwenyekiti wa mtaa, iandikwe ni malipo ya awali na kwamba baki italipwa msimamizi wa mirathi akishateuliwa na kadi ikiwa mezani. Mtoto wa Mwanza ndiye wa kuanza naye, yuko karibu. Walio nje watume ridhaa yao ya maandishi. Hii ni kazi ya miezi, siyo wiki. Gari haitakimbia, haina tairi.

Kama plagi mlikuwa mmesharudisha, hiyo silinda ya tatu kukaza kuliko nyingine ni mgandamizo, habari njema kwa hiyo ya tatu, na habari ya kuchunguza kwa zilizobaki. Valvu huenda zimenasa wazi kidogo. Usiwashe. Toa kifuniko cha valvu, mtu azungushe hendeli polepole, wewe tazama valvu moja baada ya nyingine kama zote zinarudi juu. Isiyorudi, weka oili nyepesi kwenye shina lake na uigonge kwa kipande cha mti.

Na petroli iliyomo kwenye tangi usiiguse, imeshakuwa gundi. Siku ya kuwasha utatumia chupa na mpira mpya, moja kwa moja kwenye pampu.

Ukiihamisha usiivute kwa kamba. Breki zitakuwa zimeshika na difu ile ya shaba haitaki kuzungushwa na mafuta mazee kutoka Upanga mpaka Segerea. Kodi brekidauni la kubeba mgongoni.

Fundi Bodi Temeke

Sawa mzee, nimekubali yaishe kwenye injini. Hilo bomba la propela sikulijua, mimi ni mtu wa bati.

Kijana, hiyo sakafu niletee. Nunua shiti ya bati jeusi la geji 20, usije na bati la kuezekea wala la pipa. Nitakata mpaka kwenye chuma kizima, nikunje mifereji ileile kwa mkono, nichomelee kwa gesi ya CO2 badala ya kupachika kiraka juu ya kutu. Matao ya nyuma puti yote inatoka, tuone kilicho chini ndipo tuongee bei, maana nikikutajia sasa hivi nitakudanganya. Kapeti, siti na waya za taa za nyuma uwe umeshavitoa mwenyewe. Cheche ikishika siti ya zamani, usije ukaniuliza mimi.

Msema Kweli wa Mbagala

Hiyo ya harusi, dada, kwa siku mnachaji shilingi ngapi? Nauliza tu.